Dakika Tatu Mbele ya Kipaza Sauti: Namna ya Kusema Katika Kikao cha Kupandisha Bei ya Maji

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu

Mwaka wa juzi katika kurasa hizi tulijifunza kumbukumbu za mkutano. Mwaka jana tukajifunza barua rasmi. Mwaka huu mlezi wa chama alinitaka niandike juu ya hotuba. Nikamwambia, "Mwalimu, hotuba ya mgeni wa heshima Siku ya Zawadi sote twaijua. Niruhusu niandike juu ya hotuba niliyoiharibu mwenyewe." Alicheka, kisha akakubali.

Basi somo letu ni hili: mwananchi atasema nini, na atasemaje, katika kikao cha umma ambapo kampuni inaomba kupandisha bei ya maji au ya stima? Usinijibu ati hilo ni jambo la wazee. Nani huteka maji nyumbani kwenu wakati wa likizo? Na bei ikipanda, nani ataambiwa sare ifuliwe mara moja tu kwa wiki? Ni wewe. Kwa hivyo kaa kitako tusomeshane.

1. YALIYONIPATA

Ilikuwa likizo ya Agosti. Naishi na nyanya, ambaye huuza chai na mandazi kando ya stendi ya mabasi. Hatuna mfereji nyumbani. Maji twanunua kwenye kioski, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 3. Siku moja nilikuta tangazo limebandikwa ukutani mwa kioski. Kampuni ya maji ya mji wetu ilikuwa inaomba kupandisha bei. Kwenye kioski mtungi utoke shilingi 3 hadi shilingi 5. Kwa wenye mifereji nyumbani, yuniti moja itoke shilingi 70 hadi shilingi 95. Wananchi wote walialikwa kutoa maoni katika ukumbi wa kijamii, saa tatu asubuhi, Alhamisi.

Nikamwambia nyanya, "Nitakwenda kukusemea." Nyanya akasema, "Twende sote. Wewe useme yako, nami niseme yangu."

Siku mbili nzima nilikesha na daftari langu la misemo. Lo! Nilijiona nimeiva. Nilipoitwa, nilikamata kipaza sauti na kuanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu mlioketi mbele yetu, wazee kwa vijana, itifaki imezingatiwa. Ama kwa hakika, wahenga hawakukosea..." Nikatoa methali ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nikaeleza kwamba maji ni uhai. Nikaeleza kwamba binadamu hawezi kuishi bila maji, wala mifugo, wala mimea. Watu wakapiga makofi. Nikavuta pumzi ili sasa niingie katika bei, na papo hapo kengele ikalia. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha!

Mwenyekiti alisema kwa upole, "Asante, kijana. Kiswahili chako ni kizuri sana. Sasa, unaunga mkono au unapinga?"

"Napinga," nikasema. Nikarudi kuketi.

Nyanya aliitwa watu wanne baada yangu. Maneno yake utayasoma hapa chini katika sehemu ya mfano. Kwa sasa nikueleze jambo moja tu. Kikao kilipokwisha, tulipita mezani kwa karani kuthibitisha majina yetu. Nikachungulia karatasi yake. Kando ya jina langu palikuwa na neno moja: Anapinga. Kando ya jina la nyanya palikuwa na mistari minane.

Makofi yalikuwa yangu, lakini karatasi ilikuwa yake. Na wanaoamua bei hawakuwa ukumbini kusikia makofi. Wao watasoma karatasi. Hilo ndilo lililonifanya nirudi shuleni na kulichunguza somo hili upya.

2. KIKAO HIKI NI NINI?

Kampuni ya maji haijiamulii bei kama mwenye duka la nguo. Ni kampuni moja tu inayoleta maji mjini, na mnunuzi hana pa kuhamia. Ndiyo maana sheria imeweka msimamizi. Kwa maji, msimamizi ni Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, ambayo wengi huiita WASREB. Bodi hii ilizaliwa na Sheria ya Maji ya 2002, na leo hufanya kazi chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kwa stima, msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, yaani EPRA, iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019.

Kampuni hupeleka ombi lake kwa msimamizi na kueleza gharama zake: stima ya kuendesha pampu, dawa za kusafisha maji, mishahara, mabomba mapya, na mikopo inayodaiwa. Wananchi huarifiwa, kikao huitwa, maoni hukusanywa kwa mdomo na kwa maandishi. Baadaye msimamizi huamua: anaweza kukubali ombi lote, kulipunguza, au kuliwekea masharti.

Je, ni hisani mwananchi kusikilizwa? La hasha! Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 43 kinataja haki ya kupata maji safi na salama, ya kutosha. Kifungu cha 46 kinamlinda mnunuzi wa bidhaa na huduma. Tena Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo hata tangazo likiandikwa kwa Kiingereza kitupu, usione haya kusimama na kusema Kiswahili. Hujaomba msaada, umetumia lugha rasmi ya nchi yako.

Mahakama nazo hazilichukulii jambo hili kama mzaha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba kuwafikia watu kunataka njia nyingi iwezekanavyo: makanisa, misikiti, mabaraza, na redio za lugha zetu. Kubandika tangazo mahali pamoja na kukunja mikono hakutoshi.

3. KABLA YA KWENDA

Mpishi hujulikana kabla ya chungu kuinjikwa: angalia amechambua mchele au hakuchambua. Vivyo hivyo na msemaji. Fanya mambo manne yafuatayo.

(a) Soma ombi lenyewe, usisikie tu redio ya mtaani. Uliza kwenye ofisi ya kampuni upewe nakala au muhtasari. Tafuta mambo matatu: bei ya sasa, bei inayoombwa, na sababu.

(b) Jijue uko kundi gani. Bei za maji na stima hupangwa kwa makundi, na kila kundi hulipa lake. Kumbuka yaliyotokea kwenye stima. Bei mpya zilipoanza kutumika Aprili 2023, baada ya vikao vya maoni, kundi la watumiaji wadogo wanaolipa bei ya chini lilishushwa kutoka yuniti 100 kwa mwezi hadi yuniti 30. Aliyekuwa akitumia yuniti 50 alijikuta nje ya kundi hilo, ingawa hakuongeza hata taa moja nyumbani! Mtu wa namna hiyo akisimama kikaoni na kuuliza tu "Bei ni ngapi?" hajauliza swali lake. Swali lake ni, "Mpaka wa kundi uko wapi?"

(c) Kusanya ushahidi. Bili, risiti, picha ya bomba linalovuja, hata daftari la kistari kimoja kimoja. Nyanya hakuwa na bili, maana kioski hakitoi bili. Lakini alikuwa na daftari langu la hisabati la Darasa la Sita, ambamo huandika kistari kwa kila mtungi, kwa sababu humlipa mwenye kioski kila Jumamosi. Daftari hilo, ambalo mimi nilitaka kuwashia jiko, ndilo lililoketi mezani mbele ya mwenyekiti.

(d) Piga hesabu. Yuniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Mtungi wa kawaida ni lita 20. Gawanya: yuniti moja ni mitungi 50. Hesabu hii ndogo ndiyo ufunguo wa mambo mengi, kwa sababu inakuwezesha kulinganisha bei ya kioski na bei ya mfereji wa nyumbani. Tazama:

Kioski kwa shilingi 3: 3 x 50 = shilingi 150 kwa yuniti.
Kioski kwa shilingi 5: 5 x 50 = shilingi 250 kwa yuniti.
Mfereji wa nyumbani: shilingi 70, ikiombwa kuwa shilingi 95.

Sasa umeona? Anayebeba maji kichwani alikuwa tayari analipa zaidi ya maradufu ya mwenye mfereji. Na katika ombi lile, yeye ndiye aliyekuwa akiongezewa zaidi: karibu asilimia 67, ilhali mwenye mfereji aliongezewa karibu asilimia 36. Mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, sikuipiga hesabu hii. Nyanya, aliyeacha shule Darasa la Nne, aliipiga kwa kidole kwenye unga.

4. MUUNDO WA MANENO

Katika insha ya hotuba tumefundishwa utangulizi, mwili na hitimisho. Muundo huo haubadiliki, ila vipimo vyake hubadilika. Dakika tatu ni chache. Chamani tulijipima kwa saa ya ukutani, tukaona msemaji wa mwendo wa wastani hutoa maneno kama 300 tu. Ukitumia 100 kwa salamu, umejinyang'anya thuluthi ya wakati wako. Basi panga hivi:

Kwanza, salamu fupi na wewe ni nani. Sentensi mbili zatosha. Taja unavyohusika: mwenye nyumba, mpangaji, mchuuzi, mwanafunzi.

Pili, msimamo wako. Usiufiche mwishoni kama mshangao wa hadithi. Sema mapema: napinga, naunga mkono, au naunga mkono kwa sharti. Usisahau kundi hili la tatu. Katika kikao chetu mzee mmoja alisema, "Mimi nakubali bei ipande, kwa sharti kwamba mtaa wetu upate maji kila siku, si Jumanne na Ijumaa tu." Karani aliandika mengi pale.

Tatu, ushahidi. Hoja mbili au tatu, kila moja na tarakimu yake au mfano wake.

Nne, ombi. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanalalamika vizuri sana, kisha wanaketi bila kusema wanataka nini. Malalamiko bila ombi ni kama bahasha isiyo na anwani. Sema wazi: bei isizidi kiasi fulani, bomba fulani litengenezwe, taarifa fulani itolewe.

Tano, asante, ukae.

5. MFANO

Haya ndiyo maneno ya nyanya nilivyoyakumbuka na kuyaandika jioni ile. Sikuyasahihisha. Yasome kwa sauti.

"Mwenyekiti, baba, hamjambo. Mimi nauza chai na mandazi pale stendi. Sina mfereji, nanunua maji kwa kioski. Bei ya kioski kufika shilingi tano, mimi napinga.

"Hili ni daftari langu. Kila mtungi ni kistari. Natumia mitungi sita kwa siku, minne ya kazi, miwili ya nyumbani. Leo ni shilingi kumi na nane. Mkipandisha ni thelathini. Kwa mwezi nilikuwa natoa mia tano na arobaini, sasa nitatoa mia tisa. Hiyo mia tatu na sitini inatoka wapi? Chai nikiipandisha, mteja anavuka barabara.

"Jambo la pili. Mitungi hamsini ndiyo yuniti moja. Mimi nalipa mia na hamsini kwa yuniti. Mwenye mfereji analipa sabini. Mkipandisha, mimi mia mbili na hamsini, yeye tisini na tano. Sisemi yeye aongezewe. Nauliza tu: mbona anayebeba kichwani ndiye anayelipa zaidi?

"La tatu. Nyuma ya soko bomba limepasuka tangu kabla ya Pasaka. Maji yanamwagika usiku na mchana. Hayo yanalipwa na nani?

"Naomba mambo matatu. Bei ya kioski ibaki tatu, na ikilazimika isipite nne. Bei iandikwe kwa rangi ukutani, kwa sababu jioni wengine wanajipandishia. Na lile bomba litengenezwe. Asante, baba."

Hesabu methali: hakuna hata moja. Hesabu tarakimu: zimejaa. Hesabu maombi: matatu, na kila moja linaweza kutekelezwa na mtu fulani siku fulani.

Tena angalia matokeo ya swali lake la pili. Ofisa wa kampuni alisimama kujibu kwamba si pesa zote za kioski zinazoingia kwa kampuni. Mwenye kioski naye ana fungu lake. Jibu zuri. Lakini mwenyekiti akamgeukia, "Fungu hilo ni kiasi gani kwa kila mtungi?" Ofisa hakuwa na tarakimu mkononi, akaagizwa azilete kwa maandishi. Swali lenye hesabu limezaa swali jingine, na safari hii aliyeuliza ni mwenye meza!

Na lile bomba la nyuma ya soko, usilione dogo. Ripoti za WASREB kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba, nchini kwa jumla, zaidi ya lita 40 katika kila 100 zinazozalishwa hazilipiwi. Mengine huvuja njiani, mengine huibwa, mengine hayapimwi sawasawa. Kampuni inayopoteza kiasi hicho ikija kuomba nyongeza, ni haki kuiuliza: mmepoteza kiasi gani, na mpango wenu wa kupunguza ni upi? Mwenye ndoo iliyotoboka huziba tundu kwanza, kisha ndipo aombe maji zaidi.

6. LUGHA: MITEGO YA KUEPUKA

Sasa tuingie katika Kiswahili chenyewe, maana hiki ni chama cha Kiswahili.

KWA na HADI. "Bei itapanda kwa shilingi 5" si sawa na "Bei itapanda hadi shilingi 5." Ikiwa bei ya sasa ni 3, sentensi ya kwanza inakufikisha 8, na ya pili inakufikisha 5. Kikaoni kijana mmoja alisema "kwa" akikusudia "hadi", ukumbi ukavurugika, watu wakaanza kupiga kelele "Nane? Nani amesema nane?" Nusu ya dakika zake zikaishia hapo.

KUPANDA na KUPANDISHA. Twapenda kusema "bei imepanda" kama vile bei ni mbuzi aliyepanda kichuguu kwa hiari yake. Bei haipandi yenyewe, hupandishwa. Ukitumia kauli ya kutendesha, lazima umtaje mtendaji: "Kampuni inaomba kupandisha bei." Ukimtaja mtendaji, unajua pia wa kumuuliza.

HU- ya mazoea. "Mimi hununua mitungi sita" yaeleza desturi ya kila siku. "Nilinunua mitungi sita" yaweza kuwa siku ya harusi. Nyanya alisema "natumia" kwa lugha ya mazungumzo na alieleweka, maana alishika daftari. Katika maoni ya maandishi, HU- ni bora zaidi.

NGELI. Maji ni YA-YA: maji haya yanamwagika, si "maji hii inamwagika". Bei na bili ni I-ZI: bei hii, bei hizi. Mtungi ni U-I: mtungi huu, mitungi hii. Ukikosea ngeli hutafukuzwa ukumbini, wala usimcheke anayekosea. Lakini katika karatasi upatanisho mbaya humchosha msomaji.

MANENO MAZITO. "Fauka ya hayo", "maadamu", "ilhali": yana mahali pake, nami nayapenda kama unavyoona. Lakini jiulize: je, neno hili linambebea karani hoja, au linanipamba mimi? Mwalimu wetu huliita jambo hili sajili, yaani lugha kulingana na mahali. Lugha ya insha si lugha ya sokoni, na lugha ya kikao iko katikati: safi, fupi, yenye tarakimu. Kosa langu halikuwa Kiswahili kibovu. Lilikuwa Kiswahili kizuri mahali pasipo pake.

7. MAKOSA MENGINE NILIYOYAONA

Wako waliotukana. Mmoja aliwaita maofisa wezi. Alipoulizwa ana ushahidi gani, akanyamaza, na hoja yake nzuri kuhusu bili za makadirio ikafa naye. Ukiwa na bili iliyosomwa vibaya, ionyeshe, itasema yenyewe.

Wako waliorudia. Watu saba walisema neno lilelile, "Hali ya uchumi ni ngumu." Ni kweli, lakini mara ya saba haiongezi uzito. Ukikuta hoja yako imeshasemwa, sema "Naunga mkono aliyotangulia kusema yule mama kuhusu kioski," kisha ongeza jipya.

Na wako walionyamaza, nao ndio walikuwa wengi. Kwao nasema: kama kipaza sauti kinakutetemesha magoti, andika. Maoni ya maandishi hupokelewa vilevile. Weka jina, mtaa, kundi lako, hoja na ombi, tia sahihi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

8. MAZOEZI

(1) Kampuni inaomba kupandisha bei ya kioski kutoka shilingi 2 hadi shilingi 4 kwa mtungi wa lita 20. (a) Bei itapanda kwa shilingi ngapi? (b) Yuniti moja itagharimu shilingi ngapi kwenye kioski kabla na baada ya nyongeza? (c) Familia inayotumia mitungi 8 kwa siku itaongeza kiasi gani kwa siku 30?

(2) Sahihisha: "Mwenyekiti, maji hii imepotea siku mingi na bili inakuja kubwa."

(3) Andika upya kwa kumtaja mtendaji: "Bei imepanda na maji yamekatwa."

(4) Chukua hotuba yangu ya sehemu ya kwanza. Iandike upya kwa maneno yasiyozidi 300, iwe na msimamo, hoja mbili zenye tarakimu, na ombi moja. (Mwandishi hatakasirika.)

(5) Mjadala wa chama muhula ujao: "Bei ya maji ipande ili mabomba yafike mitaa yote." Upande mmoja utetee kampuni kwa haki, mwingine utetee wanunuzi. Ni marufuku kuanza kwa methali.

TAMATI

Huenda unauliza, ikawaje? Miezi kadhaa baadaye uamuzi ulitoka. Bei ilipandishwa, sitakudanganya. Lakini kioski kiliwekwa shilingi 4, si 5, na iliagizwa bei iandikwe wazi kwenye kila kioski. Siwezi kuapa kwamba ni nyanya. Watu wengi walisema siku ile, na wengine waliandika. Najua tu kwamba kwa mitungi sita kwa siku, shilingi moja ile ni shilingi 180 kwa mwezi zilizobaki kwenye kibeti chake. Najua pia kwamba bomba la nyuma ya soko lilitengenezwa, likapasuka tena hatua kumi mbele. Nyanya ameshaanza ukurasa mpya daftarini.

Nilipofunga shule muhula uliopita nilipita kioskini na mtungi. Ukutani, kwa rangi ya buluu, paliandikwa: MTUNGI LITA 20 SH. 4. Herufi zimepinda, na mchoraji ameiacha "MTUNGI" bila N. Nilitamani kuisahihisha. Nyanya akaniambia, "Wacha. Bei ndiyo iko sawa."